Picha ya kupaka rangi au udongo: kipi kinakuza ubunifu darasa la awali?

Wanachuo wa ualimu wakienda mazoezi ya kufundisha, mabishano ni yale yale. Wengi huona ubunifu ni kazi safi ya kubandika ukutani, kwa hiyo hukimbilia picha iliyokwisha kuchorwa. Gharama? Fotokopi unalipia kila kipindi. Udongo wa mfinyanzi huchotwa bure bondeni, na ukifunikwa kitambaa chenye unyevu kwenye ndoo haukauki upesi.

Kwa utulivu picha inashinda: watoto sitini wameinama, mkufunzi akija kukagua anakuta darasa kimya. Udongo ni matope mpaka kwenye kola, na maji ya kunawa uyatafute wewe.

Ila tazama kilichotoka. Maembe sitini, yote ya njano. Kwenye udongo, mmoja kafinyanga bodaboda yenye abiria watatu; mwenzake anasema donge lake ni "bibi amelala". Hapo ameamua mtoto. Kuipa alama kazi hiyo ni mtihani, nakubali.

Darasa limefurika na maji hakuna? Anza na picha, lakini acha nusu ya karatasi tupu. Una kivuli cha mwembe na ndoo mbili? Toa udongo nje.