TAHADHARI: Jamaa wa mafuta ya breki kwa begi hapa Kisumu, msinunue kwake

Wenye magari hapa Kisumu, kuna jamaa anazunguka na begi mgongoni kwa magereji na maegesho anauza mafuta ya breki, chupa imeandikwa DOT 4 (hiyo ni daraja la mafuta ya breki), nusu lita shilingi 250, na mimi kwa duka la spea nimezoea kulipa karibu mara mbili ya hiyo. Msinunue. Ile kitu ako nayo si mafuta ya breki, na mimi nilikuja kujua nikiwa kwa mteremko wa Kiboswa na watoto wawili kiti cha nyuma.

Ilianza na taa. Ile nyekundu ya dashbodi iko na duara na alama ya mshangao katikati, ilikuwa inawaka nikikata kona halafu inazima yenyewe. Nikaangalia handibreki, iko chini kabisa. Jumatatu niko gereji naweka upepo, nauliza fundi hiyo taa ni ya nini, huyu jamaa akadakia ati mafuta imepungua tu boss, ongeza utembee. Akamimina mwenyewe, taa ikazima, nikalipa na nikamshukuru.

Mafuta yalikuwa yamepungua kweli, yalikuwa karibu na MIN, ile alama ya chini kwa kopo lake, na gari ikilala kwa kona yanakimbilia upande mmoja, sensa inaona hakuna kitu. Lakini mafuta ya breki hayaungui kama oili ya injini, yanakaa ndani ya mfumo uliofungwa, kwa hivyo yakishuka ujue ama kunavuja mahali ama pedi zimeisha, juu pedi zikiisha pistoni zinatoka nje na mafuta yanazifuata huko. Yangu ilikuwa pedi. Ningetoa tairi moja tu ningeziona, zilikuwa zimebaki nyembamba kama sarafu. Nilihitaji pedi, nikauziwa chupa.

Jumamosi tukitoka Vihiga gari ikawa nzito, ni kama nimesahau handibreki, na kuna harufu ya kitu kinaungua nikadhani ni lori iliyo mbele. Tukapita Kiboswa, tukaanza kushuka kuja Mamboleo, nakanyaga breki na pedali inaenda chini polepole kama unakanyaga mkate. Nikaweka gia ya chini, nikavuta handibreki kidogo kidogo nikaingia kando kwa mchanga. Mungu alituonekania. Rimu za mbele zilikuwa moto huwezi sogeza mkono.

Fundi alikuja na pikipiki, hakugusa hata tairi, akafungua boneti akatoa kifuniko cha mafuta ya breki. Ile raba nyembamba ya ndani ya kifuniko, iliyokunjwa kunjwa, ilikuwa imefura imejipinda, imekuwa kubwa kuliko kifuniko chenyewe, ukiirudisha inakataa. Akaniambia hapa umewekewa oili. Raba za breki zimetengenezwa zikae na mafuta ya breki peke yake, ukiweka oili ya injini ama ya stearingi zinainyonya zinafura, na zikifura kwa masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, zinaziba katundu kale ambako mafuta yanarudia, sasa pedi zinabaki zimeshika diski hata ukitoa mguu, zinachemka mpaka breki inaisha. Tumebadilisha masta silinda, raba za magurudumu yote manne, mipira ya kupitisha mafuta na pedi, na paipu zote zikaoshwa. Shilingi 23,000, gari imelala siku sita.

Chupa ilikuwa bado na kitu kidogo, nikaenda nayo nyumbani. Nilikata chupa ya maji ya kunywa, nikaweka maji nusu, nikamwaga kifuniko kimoja cha mafuta yake. Yalikaa juu, duara la manjano linang'aa rangi rangi kama maji ya barabarani mvua ikinyesha. Nikafanya hivyo na mafuta ya duka, yakazama yakachanganyika na maji yakapotea. Mafuta ya breki ya kawaida, DOT 3 na DOT 4, ndivyo hufanya. Ikielea usiweke kwa gari, na hata ikichanganyika usiamini hiyo peke yake, mtu anaweza kukuwekea maji ya sabuni. Angalia ile karatasi ya rangi ya fedha inayoziba mdomo wa chupa chini ya kifuniko. Ya kwangu ilikuwa imetobolewa na kurudishwa na gundi, imekauka pembeni, na chupa ni ya kampuni halali imeokotwa. Kwa hivyo mafundi tafadhali, ukimaliza chupa itoboe kabla ya kutupa.

Kununua, soma kifuniko cha mafuta ya breki cha gari yako kimeandikwa DOT gani, chukua chupa ndogo, juu ikishafunguliwa inavuta unyevu wa hewa. DOT 4 mpya haichemki kabla ya nyuzi 230, ikishanyonya maji inaweza kuchemkia 155, ndio maana watu hubadilisha kila miaka 2. Na usimwage kwa bodi, inakula rangi.

Taa nyekundu ikiwaka na pedali ni laini, usitembeze gari hata kufika gereji ya karibu, ita fundi aje. Ile ya rangi ya chungwa iliyoandikwa ABS, ule mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge, ni tofauti, breki ya kawaida huwa bado iko lakini tairi zinaweza kujifunga ukikanyaga kwa nguvu, ipeleke isomwe na mashine.

Kama uliwahi kununua kwa huyo jamaa, fungua boneti leo kabla ya kuwasha gari uangalie ile raba ya kifuniko. Ikiwa imefura, gari ibaki hapo hapo, na usidanganywe ati ni kumwaga tu na kuweka mengine, raba zishaharibika. Chupa yangu bado niko nayo, anayetaka kulinganisha aniandikie nitamtumia picha.