Msusi wa Chikongola asiyevuta nywele

Saluni niliyozoea zamani walinibana rasta mpaka nyusi zikapanda. Usiku sikulala, asubuhi vipele vimejaa pembeni mwa uso.

Huyu msusi wa Chikongola, Mtwara, alinipapasa juu ya masikio, palipoanza kung'aa, akasema, "Dada, hapa tupapumzishe kwanza." Shina la nywele likivutwa miaka mingi linaweza kufa kabisa. Aliniosha tu, akaniambia nirudi baada ya wiki sita.

Niliporudi alinisuka twende kilioni nene, malaika ya pembeni akayaacha nje, na kila mstari ananiuliza, "Inauma?" Nikiitikia, anafumua. Benchi lake linaumiza kiuno na Jumamosi foleni ndefu, lakini juu ya sikio la kushoto vinywele vimeanza kuchomoza. Navigusa kila asubuhi.