ELM327 kwa pikapu inayoshtukashtuka: kinaona nini, hakioni nini

Pikapu iko gia ya tatu, mshale unacheza kati ya mizunguko 1,200 na 1,800, mguu umegusa mafuta kidogo tu, na gari linaanza kutikisa vichwa vya abiria. Linavuta, linaachia, linavuta tena. Ukikanyaga zaidi, linanyooka. Kwenye jamu ya Jinja Road, Kampala, hilo ni jambo la kila siku, na kwa kawaida tiba yake huwa ya kubahatisha: plagi mpya, filta mpya, kisha nozeli, kisha pampu. ELM327 ya Bluetooth ni kidude cha ukubwa wa kiberiti kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi ya gari na kutuma vipimo vya kompyuta ya injini kwenye simu, bei yake haikaribii ya betri mpya ya gari, na kinaweza kukomesha bahati nasibu hiyo. Sharti ni moja: usome namba zinazotembea. Anayekinunua ili kimpe msimbo wa hitilafu tu atavunjika moyo, kwa sababu ugonjwa huu mara nyingi hauwashi taa yoyote.

Kwanza, kina magari yake. Hilux za dizeli za 2L na 3L zenye pampu ya kimakanika hazina kompyuta ya injini ya kuzungumza nacho. Huko okoa pesa: mwaga maji kwenye kikombe cha filta, badilisha filta, kaza klipu za mipira ya mafuta, angalia kama pampu ya mkono inavuja au inaingiza hewa. Baadhi ya Toyota za miaka ya 1990 nazo zina kiboksi cha DIAGNOSTIC chini ya boneti badala ya soketi ya pini 16. Kwenye hizo unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kupiga stata, na kuhesabu taa ya injini inavyokonyeza. Kidude hiki ni cha Hilux Vigo zenye injini ya petroli ya 2TR au za dizeli za 1KD na 2KD, na pikapu nyingine za rika hilo, ambazo soketi yake iko chini ya usukani karibu na goti la dereva.

Kabla ya kuamini namba yoyote, kipime chenyewe. Swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, presha ya maniholdi (bomba linaloingiza hewa kwenye injini) lazima iwe sawa na ya hewa ya mahali ulipo. Kampala iko karibu mita 1,190 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo tarajia takriban kPa 88. Kabale, kwenye milima, itakuwa karibu 81. Ukiwa Ndeeba, hapo Kampala, na simu inakuonyesha 101, ama sensa inadanganya ama programu inakujazia namba ya kubuni. Vivyo hivyo asubuhi injini ikiwa baridi: joto la maji na joto la hewa inayoingia yasipishane sana. Ukiona nyuzi 40 chini ya sifuri, Uganda haijaingia barafu. Waya wa sensa umekatika au plagi yake imechomoka.

Kwenye petroli ndipo kidude hiki kinapostahili sifa. Fungua vipimo vya marekebisho ya mafuta (fuel trim, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta), vya muda mfupi na vya muda mrefu, na uvijumlishe. Injini ikiwa imepata moto, jumla ikikaa ndani ya asilimia 10 juu au chini, kompyuta imeridhika. Sasa tuseme ikiwa saileni, yaani inaunguruma bila kukanyagwa, unaona +20, lakini ukishikilia mizunguko 2,500 inashuka hadi +4. Huo ni mwizi wa hewa. Mpira uliopasuka unaingiza hewa isiyopita kwenye sensa. Injini ikivuta hewa kidogo, hewa hiyo ya wizi ni fungu kubwa, ikivuta nyingi, fungu linakuwa dogo. Ndiyo maana gari linashtuka chini na kunyooka juu. Ukiwa umetazama namba hiyo, bana kwa koleo lenye kitambaa mpira mnene unaotoka kwenye maniholdi kwenda kwenye busta ya breki. Namba ikianguka mara moja, umemkamata. Isipoanguka, endelea na mpira mmoja mmoja, kisha nyunyizia maji ya kawaida kwenye gasketi ya maniholdi usikie kama mlio unabadilika.

Mchoro ukiwa kinyume, yaani saileni ni sawa na juu inapanda, usihangaike na mipira. Hapo mafuta hayatoshi au sensa ya hewa ni chafu. Injini ya lita 2.7 ikiwa saileni, kiyoyozi kimezimwa, husoma karibu gramu 3 kwa sekunde. Sensa hiyo husafishwa kwa spreyi yake. Kitambaa na kidole visiiguse.

Misimbo ya P0301 hadi P0304 nayo ina kazi: tarakimu ya mwisho ni silinda inayokosa. Kwenye 2TR kila plagi ina koili yake, bolti moja tu ya spana namba 10. Hamisha koili ya silinda ya 2 kwenda ya 3. Msimbo ukihama nayo, nunua koili moja, si nne. Na plagi za Denso zenye 11 mwishoni mwa namba zinataka mwanya wa milimita 1.1. Ukiufungua kupita hapo, koili inachoka mapema.

Upande wa dizeli ya D-4D, yaani zile 1KD na 2KD, kidude kinasaidia, ila kwa kubembelezwa. Nyingi za mwanzo haziitiki mpaka uchague itifaki (lugha ya mawasiliano na kompyuta) kwa mkono na uongeze orodha ya vipimo vya Toyota kwenye programu. Ukishafika, tazama presha ya reli (bomba nene linalogawia nozeli mafuta), inayotakiwa na iliyopo, zote mbili kwenye grafu moja. Saileni ya 2KD iliyopata moto hukaa karibu MPa 30 hadi 40. Shikilia 1,500 bila kutikisa mguu. Mistari miwili ikitembea pamoja, ugonjwa uko kwingine. Iliyopo ikipanda na kushuka kama mawimbi ya Nalubaale, yaani Ziwa Viktoria, na mizunguko ikiifuata, shuku vali ya kudhibiti mafuta iliyo kwenye pampu. Lakini usiinunue siku hiyo. Filta iliyoziba na hewa kwenye mpira huchora mawimbi yaleyale. Badilisha filta, kisha weka kwa muda kipande cha mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, kati ya filta na pampu. Mapovu yakipita, tafuta yanakoingilia. Usilegeze bomba la chuma la presha injini ikiwa inaunguruma: ndani yake mafuta hufika zaidi ya baa 1,000 na yanapenya ngozi kama sindano.

Vali ya EGR, inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, pia huleta mshtuko huu. Chomoa mpira wake wa vakyumu na uzibe ncha, endesha. Gari likitulia, umepata jibu. Lisipotulia bado usiiachie huru, maana iliyokwama wazi kwa masizi haijali kama mpira upo au haupo. Ifungue uitazame.

Hapa ndipo kinapopofukia. Kwenye magari yasiyotumia CAN (mtandao wa kasi wa kompyuta za gari) kinavuta vipimo vichache tu kwa sekunde, tena ukichagua vipimo kumi kila kimoja kinazidi kuchelewa. Chagua viwili. Hata hivyo, doa lililochakaa kwenye sensa ya throtli (mlango wa hewa wa injini) hupita kufumba na kufumbua na grafu haitaliona. Hilo litafute kwa mita ya mshale: fungua throtli polepole, volti zipande bila kurudi nyuma. Pia hakiwezi kuandika zile herufi na tarakimu 30 za nozeli mpya ya Denso, wala kuifundisha kompyuta pampu au vali mpya. Kazi hiyo inahitaji mashine ya Toyota au skana ya kitaalamu, na anayekuahidi kuifanya kwa kidude hiki anakuuzia hewa.

Kisha kuna mshtuko usiotoka kwenye injini kabisa. Grafu ya mizunguko ikiwa laini huku bodi inagonga, funga simu uingie chini ya gari: krosi za propela, senta bearingi, maunti za injini. Klachi inayotetema huonekana wakati wa kuondoka tu. Na dereva anayeburuta gia ya nne kwa kilomita 30 kwa saa akiwa na magunia ya matoke nyuma hana hitilafu yoyote ya kutengenezwa. Arudi gia ya pili.

Kuhusu kununua: vingi vimeandikwa v1.5, toleo ambalo Elm Electronics ya Kanada, waliobuni chipu hiyo, hawakulitoa kamwe. Hiyo isikutishe. Mara nyingi v1.5 za kunakiliwa zinafanya kazi vizuri kuliko v2.1, ambazo nyingi zimepunguzwa amri na zinagoma kwenye magari ya zamani. Namba ya siri huwa 1234 au 0000. Mwenye iPhone achukue ya waifai au ya Bluetooth ya nishati ndogo, hii ya kawaida haitashikana. Mwambie muuzaji akichomeke kwenye gari lako kabla hujalipa. Kabla ya kufuta msimbo wowote piga picha ya skrini, kwa sababu kufuta kunaondoka na kumbukumbu ya hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea. Jioni kichomoe: kinakunywa betri usiku kucha, na kikibaki kwenye soketi siku moja goti la mtu litakivunja pamoja na soketi yenyewe.