Kusaka vitabu vya Kiswahili cha zamani Internet Archive: uzoefu wangu

Mimi nakusanya habari za harusi, jando na ngoma za Mrima, yaani pwani ya bara inayokabili Unguja. Tatizo ni kwamba vitabu vingi vya mambo hayo vilipigwa chapa Ulaya enzi za Mjerumani, na dukani huvipati ng'o. Nilianzia maktaba ya kidijitali ya chuo kimoja ambacho sitakitaja. Orodha yao ni ndefu ya kutia moyo, lakini kila ukibofya kitabu unadaiwa namba ya mwanafunzi. Asiye na namba anabaki kusoma majina ya vitabu tu. Ndipo nikahamia archive.org.

Kwa asiyeijua, Internet Archive ni maktaba isiyo ya kibiashara iliyoanzishwa na Brewster Kahle huko San Francisco mwaka 1996. Vitabu vilivyokwisha hakimiliki unavisoma na kuvipakua bure, hata akaunti huhitaji. Kuna pia magazeti, santuri, filamu na kurasa za tovuti zilizokufa zamani, ila mimi ni mtu wa vitabu.

Sasa, ukifika pale usikimbilie kuandika tu. Kisanduku cha kutafutia kwa kawaida hupekua maelezo ya kitabu, yaani jina lake, mwandishi, mada na mwaka. Hakiingii ndani ya kurasa mpaka umekiambia, kwa kuchagua kutafuta kwenye maandishi yenyewe. Watu wengi hawaoni chaguo hilo, wanaandika "unyago", wanapata vitu viwili vitatu visivyohusika, wanafunga simu na kutangaza kwamba Kiswahili hakimo. Kimo, tena tele, ila kimeorodheshwa kwa tahajia ya waliokichapisha.

Chukua mfano mmoja. Kitabu mashuhuri cha desturi za pwani kilichapwa Göttingen mwaka 1903, na jina lake linaanza "Desturi za Wasuaheli na khabari za desturi za sheri'a za Wasuaheli". Ukiandika "Waswahili" na "habari" kama tunavyoandika leo, mashine haina habari kwamba unataka kitu kilekile. Haya, mwandishi je? Sehemu kubwa ilitoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin na kufia hukohuko mwaka 1927. Lakini jaladani liko jina la Carl Velten, mkusanyaji na mhariri, na makarani wa maktaba hunakili kilichoko jaladani. Kwa hiyo anayemtaka Mtoro amtafute Velten. Jambo hilo hunikera kila ninapolikuta, lakini ndio utaratibu wa maktaba dunia nzima, wala haukuanzia kwenye kompyuta.

Tangu hapo neno moja nalijaribu kwa sura zake zote. Kwa Kiswahili naandika Swahili, Suahili na Suaheli, na kwa vitabu vya Kifaransa naandika Souahili. Kwa Wajerumani Zanzibar ni "Sansibar" na Tanganyika yetu imo kwenye "Deutsch-Ostafrika", yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kwa Wareno wa kale Kilwa ni "Quiloa". Kisha naja kwenye vichujio vya pembeni, nabana lugha na miaka, mathalani 1870 hadi 1914, na takataka zinapungua sana. Kichujio cha lugha lakini kitumie kwa tahadhari. Kitabu cha hadithi za Unguja cha Edward Steere, "Swahili Tales" cha 1870, kina Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaoutazama. Kitabu kama hicho mworodheshaji huweza kukiandika kuwa cha Kiingereza, na wewe uliyebana "Kiswahili" ukakipita hivihivi.

Jingine la kujua ni namna maandishi ya ndani yanavyopatikana. Ukurasa hupigwa picha, kisha programu huusoma na kuugeuza herufi. Vitabu vya Kiingereza vyenye chapa safi husomeka vizuri. Vya Kijerumani vilivyochapwa kwa herufi za kigothi ni balaa, maana ile s ndefu ya kigothi programu nyingi huiona f. Neno "Küste", yaani pwani, linageuka "Küfte". Basi ukitafuta habari za pwani, andika na hiyo "Kufte" ya bandia. Ni ujinga, najua, lakini inafanya kazi. Na kila unapokipata kifungu, rudi kwenye picha ya ukurasa uhakikishe kabla ya kunukuu.

Kuhusu bando: kitabu kimoja kwa PDF huweza kula makumi ya megabaiti. Mimi kwanza nashusha faili la maandishi matupu, ambalo ni jepesi mno, nalipekua kwenye simu, na nikiona kitabu kina faida ndipo nagharamia PDF. Kama ni kurasa tatu tu, nazisomea palepale mtandaoni.

Vitabu vipya vinahitaji akaunti, nayo ni barua pepe na nywila basi. Unaazima kwa saa moja, na vingine kwa siku 14. Huku usitegemee mno. Wachapishaji wanne wakubwa, Hachette, HarperCollins, Wiley na Penguin Random House, waliishtaki maktaba hiyo mwaka 2020 kwa huo uazimishaji, na rufaa ya Septemba 2024 ikawapa wao ushindi. Vitabu zaidi ya 500,000 vimeondolewa kwenye uazimishaji. Wachapishaji wana haki yao, sikatai, ila msomaji wa Kibaha asiye na duka la vitabu karibu ndiye anayelipia ugomvi huo.

HathiTrust, maktaba ya kidijitali ya vyuo vikuu vya Marekani, naitumia kama dira tu. Huko kinachofunguka kinategemea uko nchi gani, na vitabu vingi vya Ulaya vilivyo wazi kwa aliye Marekani kwetu vimefungwa. Hata hivyo, hata kilichofungwa hukubali kutafutwa ndani, na kinakutajia neno lako liko ukurasa wa ngapi. Nachukua namba hiyo, nakwenda kukifungua kitabu hichohicho Internet Archive.

Kama unasaka vitabu vya kiada vya mtoto, huko kote utajichosha bure, nenda maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Kwa mambo ya kale, Internet Archive naipa nyota nne kati ya tano. Na usiache vitabu vyako hukohuko ukidhani vitakungoja: Oktoba 2024 wadukuzi waliishambulia Internet Archive ikazimika kwa siku kadhaa. Ninachokihitaji nakishusha siku hiyohiyo, nakala moja kwenye simu na nyingine kwenye flashi.