VS Code na Faili za .orig: Kuficha Inajua, Hizi Imeziacha kwa Lipi?

Oya wadau, karibuni tena. Niko Mwanga hapa, Kigoma, feni nimeizima maana inaingia kwenye sauti, kwa hiyo mkiniona natoka jasho msiulize.

Leo VS Code, kihariri cha kuandikia programu. Ni ya bure, ni ya Microsoft, wengi wenu mnayo, hayo tunaruka. Nina jambo moja tu na linanikera.

Tazameni huku kushoto. Huu mradi ni programu ya mauzo ya duka la migebuka. Kuna mauzo.js, safi. Chini yake mauzo.js.orig. Tena stoo.js.orig. Tena wateja.js.orig! Hizi zinaachwa na git mergetool, amri ya Git (programu inayotunza historia ya faili za mradi) ya kusuluhisha mgongano, yaani mabadiliko mawili yanapogongana kwenye faili moja: ukishasuluhisha, inakubakizia nakala ya faili ilivyokuwa kabla hujaigusa. Ngoja niifungue... mnaona? Alama za <<<<<<< zimejaa humo, na rangi hakuna, maandishi matupu.

Sasa nabonyeza Ctrl na P, ya kutafuta faili kwa jina, naandika "mau". Zimekuja mbili. Kijana anayejifunza, saa tano usiku, macho mazito, atachagua ile ya chini. Ataandika weee, atahifadhi, atarudi kwenye brauza, hakuna kilichobadilika. Atasema kompyuta imerogwa!

Na kuficha VS Code inajua! Ctrl na mkato, mipangilio inafunguka, andika files.exclude. Haya someni: .git imefichwa, .svn imefichwa, .hg imefichwa (folda za ndani za Git na ndugu zake), mpaka .DS_Store ya Mac na Thumbs.db ya Windows. Hujagusa kitu, zimeshafichwa. Sasa Microsoft, .orig mmeiacha kwa lipi? Mercurial, ndugu yake Git, nayo inazimwaga ukifanya revert (kurudisha faili ilivyokuwa), si mambo ya Git peke yake.

Naongeza hapa **/*.orig, naweka sawa... eeh! Zimepotea. Ctrl na P tena: moja tu. Natafuta neno kwenye mradi mzima: nako hazitokei. Tamu hiyo.

Watu wa IntelliJ, kihariri kingine, najua mshaanza kucheka kwenye komenti. Kweli, yenu tangu unaiweka inaruka faili zinazoishia na kiwimbi (~), nazo ni nakala za akiba. Lakini iwashe kwenye laptop ya RAM GB 4 uone inavyolia, halafu ukitaka kila kitu chake unalipia kwa dola. Kwa bando letu hili, hata kuipakua tu ni harusi.

Na kabla sijasahau, video ya laptop za mtumba mliyoomba inakuja, nasubiri maiki mpya, basi limeileta imeishia Tabora.

Turudi. Fungua terminali (dirisha la kuandika amri), andika git status. Haooo! Zote tatu, nyekundu. Kwa hiyo ukipiga git add . (chukua faili zote) zinaingia, unakomiti, unasukuma, zinapanda GitHub, tovuti ya kuhifadhia miradi. Bosi anaziona, wewe huzioni. Hapo ndipo hasira zangu zinapoa kidogo: Microsoft wangezificha wenyewe kimyakimya, watu wangezibeba bila kujua. Labda wangezififisha tu rangi. Labda. Ctrl na P wangezitoa lakini, hapo sibishani na mtu.

Mimi nafunga bomba lenyewe: git config --global mergetool.keepBackup false. Hapo mergetool ikimaliza kazi haikuachii .orig. Ukiogopa kukosa nakala, git checkout -m na jina la faili, mgongano unarudi ulivyokuwa, ilimradi hujakomiti (hujayaweka kwenye historia ya Git). Halafu *.orig iweke kwenye .gitignore, orodha ya faili ambazo Git isizichukue, kwa ajili ya zile za wenzako.

Kuna mjuaji ataniambia washa explorer.excludeGitIgnore. Ndugu yangu, ile inaficha kila kilichomo kwenye .gitignore, na .env yako, faili ya nywila na mipangilio, imo. Utahariri nini sasa? Ndiyo maana inakuja ikiwa imezimwa, na hapo nawapa heko.

Nyota nne. Ya tano wataipata Ctrl na P ikitulia. Wa Vim, kihariri cha kwenye terminali, kule Ujiji, wenye faili za kiwimbi kila folda, nyie mnazificha au mnazifuta? Andikeni chini, nazisoma zote.