Erithritoli Jikoni: Utamu Upo, Kazi ya Sukari Haipo

Pakiti nyingi za erithritoli, kibadala cha sukari cha jamii ya alkoholi za sukari (si pombe), zinadai kwamba kijiko chake kimoja kinashika nafasi ya kijiko kimoja cha sukari. Si kweli. Kwa uzito ule ule, utamu wake ni asilimia 60 hadi 70 tu ya ule wa sukari, na upungufu huo ndio shida ndogo kuliko zote. Ndani ya keki, sukari hulainisha, hushika maji, hubeba hewa na kupaka rangi. Erithritoli haimudu hata moja ya kazi hizo sawasawa. Hata hivyo, kati ya vibadala vinavyouzwa kwa anayempikia mwenye kisukari, hiki tungekiweka kabatini kabla ya vingine, mradi mpishi ajue unapoishia uwezo wake.

Sifa yake kubwa ni namna mwili unavyoipokea. Karibu asilimia 90 hufyonzwa na utumbo mwembamba, huingia kwenye damu bila kuvunjwavunjwa, kisha hutoka na mkojo. Haipandishi sukari ya damu, na anayehesabu wanga ili kupima dozi ya insulini haiingizi kwenye hesabu. Usidhani jamaa zake wote wako hivyo. Maltitoli, inayopendwa na watengenezaji wa chokoleti za “bila sukari”, hupandisha sukari ya damu. Polepole kuliko sukari ya mezani, lakini hupandisha. Zailitoli ina utamu sawa na sukari na huokwa vizuri, ila mbwa akilamba bakuli la mchanganyiko wake anaweza kufa.

Kabla ya kununua, geuza pakiti usome viambato, si jina la mbele. Bidhaa zenye jina kubwa la stevia au sukralosi mara nyingi hujazwa maltodekstrini au dekstrosi ili zipimike kwa kijiko, na hivyo viwili hupanda kwenye damu haraka kama glukosi yenyewe. Pakiti nzuri ina erithritoli peke yake, au erithritoli na kiasi kidogo cha stevia cha kuongeza utamu. Chagua iliyosagwa laini kama sukari ya aisingi. Ukipata ya punje tu, isage kwenye blenda kavu kabisa kwa sekunde 40, uache vumbi litue dakika 5 ndipo ufungue kifuniko, la sivyo utakohoa.

Usagaji huo si urembo. Katika joto la kawaida, gramu 100 za mmumunyo uliojaa hubeba gramu 37 hivi za erithritoli, ilhali sukari hufika gramu 67. Punje zisizoyeyuka hubaki kama mchanga, na hata zilizoyeyuka hurudi kuwa fuwele chakula kinapopoa. Tena kila punje inayoyeyuka mdomoni hufyonza joto la ulimi, ndiyo maana krimu iliyojaa erithritoli huacha ubaridi kama wa mnanaa. Kwenye kakao au kahawa ubaridi huo hujificha. Kwenye vanila na mdalasini unajitangaza.

Inapofaa, inafaa kweli. Kastadi, krimu ya kupigwa, keki ya jibini, mtindi, kinywaji cha moto: humo kazi ya sukari ni utamu tu, na huhitaji kubadili kingine chochote. Weka theluthi mbili ya uzito wa sukari ulioandikwa kwanza, onja, ndipo uongeze. Watu wengi huishia hapo hapo.

Keki ni habari nyingine. Chukua keki ya kawaida ya siagi yenye gramu 200 za unga wa ngano, 200 za siagi, 200 za sukari na mayai 4. Ukiweka gramu 200 za erithritoli badala ya sukari, utapata keki nyeupe, kavu, iliyodumaa. Siagi ikipigwa na sukari, kingo kali za punje huchimba vishimo vya hewa. Poda laini haichimbi vingi. Sukari pia huchelewesha wanga wa unga kuganda, hivyo keki hupata muda wa kupanda. Erithritoli haiucheleweshi kiasi hicho, na keki huganda mapema. Rangi nayo haiji kwa sababu erithritoli haigeuki karameli wala haishirikiani na protini kutengeneza ule wekundu wa juu.

Marekebisho yanayofanya kazi ni haya. Tumia gramu 130 za erithritoli ya poda, na uongeze stevia halisi kiasi cha ncha ya kisu. Ikizidi huleta uchungu. Piga siagi peke yake dakika 3, kisha pamoja na poda dakika 5 nyingine, maana hewa lazima uitie kwa mkono. Ongeza kiini kimoja cha yai na vijiko 2 vya mezani vya mtindi mzito ili kurudisha unyevu. Kwa rangi, changanya gramu 15 za maziwa ya unga. Laktosi yake, yaani sukari ya maziwa, huwa nyekundu kwenye oveni, na keki nzima inaongezewa wanga wa gramu 6 hadi 8 tu. Oka kwa nyuzi 165 badala ya 180, na uanze kuchoma kijiti katikati dakika 7 kabla ya muda uliozoea. Ukingoja rangi ikuambie imeiva, umeikausha.

Alulosi, kibadala kingine cha sukari, ikipatikana, mambo huwa mepesi zaidi. Ina utamu wa asilimia 70 hivi, hushika maji na hupata rangi, tena haraka mno. Peke yake huacha keki laini kupita kiasi na iliyoungua juu. Nusu kwa nusu ndiyo dawa: gramu 120 za kila moja kwenye keki ile ile, bila stevia, na foili juu baada ya dakika 25. Marekani inauzwa, Ulaya haijaidhinishwa kama chakula.

Sasa hesabu ambayo pakiti haikufanyii. Unga wa ngano una wanga wa gramu 75 hivi katika kila gramu 100. Keki yetu ya mwanzo ina gramu 200 za sukari na gramu 150 za wanga wa unga. Ukiikata vipande 12, kila kimoja kina gramu 29. Ondoa sukari yote, bado kila kipande kinabaki na gramu 12 au 13. Anayekula vipande vitatu kwa kuwa “haina sukari” amekula wanga kuliko kipande kimoja cha keki ya kawaida. Ukitaka kushusha zaidi, badili nusu ya unga kwa unga wa lozi, ongeza yai moja na nusu kijiko cha chai cha beking poda. Kipande hushuka hadi gramu 8 hivi, lakini acha keki ipoe kabisa kwenye chombo chake kabla ya kuitoa kwa sababu humeguka ikiwa moto.

Karameli usijaribu: itayeyuka ikawa maji meupe, ikipoa inageuka jiwe. Aiskrimu huganda na kuwa na mchanga, kwani baridi huifukuza erithritoli kutoka kwenye mmumunyo. Hapo tumia alulosi. Jamu ina tatizo la pektini, kigandishi cha matunda, ambayo ile ya kawaida huhitaji sukari nyingi, zaidi ya nusu ya uzito, ndipo ishike. Tafuta pektini inayogandishwa kwa kalsiamu, na uiweke jamu kwenye friji, maana hakuna sukari ya kuihifadhi. Mkate wa hamira hauna neno: hamira haili erithritoli, lakini hula wanga wa unga, ila uumukaji huchelewa.

Kuhusu tumbo na moyo, tuseme wazi. Mwaka 2023 EFSA, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, iliweka kikomo cha gramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, kwa sababu ya kuharisha. Mtu wa kilo 70 ana gramu 35, yaani vipande vitatu vya keki yetu yenye gramu 130 za erithritoli. Mtoto wa kilo 20 hupita kikomo kwa kipande kimoja. Mwaka huo huo utafiti uliochapishwa katika Nature Medicine uliwakuta watu wenye erithritoli nyingi kwenye damu wakipata zaidi mshtuko wa moyo na kiharusi. Huo ni uhusiano, haujathibitisha chanzo, na mwili wenyewe hutengeneza erithritoli kidogo. Lakini mwenye kisukari tayari ana moyo wa kuchunga. Kwa maoni yetu iwe ya keki ya mara moja moja, isiwe ya kila kikombe cha chai.

Jambo la mwisho ni la usalama kuliko upishi. Chombo cha erithritoli kibandikwe jina kwa herufi kubwa na kikae mbali na cha sukari, kwa kuwa kwa macho hazitofautiani. Anayetumia insulini sukari yake ikishuka ghafla anahitaji gramu 15 za glukosi au sukari halisi, na sukari ya damu kupimwa tena baada ya dakika 15. Akikorogewa kikombe kutoka chombo cha erithritoli, ataonja utamu na sukari haitapanda hata kidogo.