Tangi la mwani la lita 60: zuri kwa darasa, si kwa moshi wa mkaa

Matangi ya kioo ya mwani mdogo aina ya klorela yanauzwa kwa ahadi ya kusafisha hewa ya ndani. Kwa darasa la sayansi, nunua bila wasiwasi. Kwa nyumba ya Igoma, Mwanza, inayoingiwa na vumbi la barabara na moshi wa jikoni, usitoe hela yako.

Tatizo ni pampu inayosukuma hewa ndani ya maji. Ni ile ile ya matangi ya samaki wa mapambo: lita 4 za hewa kwa dakika, yaani mita za ujazo 6 hivi kwa siku. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye dari ya mita 3 kina mita za ujazo 48, kwa hiyo hewa yake itachukua siku 8 kupita tangini mara moja. Kabonidayoksaidi inayoingia humo ni kama gramu 4 kwa siku, wakati mtu mzima mmoja anatoa karibu kilo nzima. Mwani hauwezi kula kisichoufikia. Vumbi kidogo hubaki majini, sawa, lakini kabonimonoksaidi, gesi ya sumu ya jiko la mkaa, klorela haiiondoi kwa kiasi cha kukulinda. Hapo dawa ni kutoa jiko nje. Hata tangi la mwani la mtaani la Belgrade, Serbia, la mwaka 2021, lina lita 600, na wabunifu wake wenyewe hulilinganisha na miti miwili ya miaka 10.

Ukilinunua, usiteke maji ya Ziwa Victoria. Ndoo moja ya maji ya ufukwe wa Mwaloni huja na rotifa, vijidudu vinavyomeza klorela. Ndani ya siku chache kijani kinafifia, na ukimulika tochi unaona chembe nyeupe zikiogelea. Huja pia na mikrosistisi, ule ukijani unaotanda kama rangi iliyomwagika kwenye Ghuba ya Mwanza, ambao huweza kutoa sumu ya ini. Tumia maji ya bomba yaliyokaa saa 24 kwenye ndoo wazi ili klorini itoke.

Kila wiki toa lita 15, mwagia mchicha, jaza maji mapya na gramu 3 za mbolea ya urea na 1 ya DAP. Ukizidisha urea, amonia inaua mwani. Sugua kioo siku hiyo hiyo, maana utando ukishika, mwanga wa taa haupenyi. Liweke mbali na dirisha la jua la mchana; maji yakipita nyuzi 35 mwani huweza kufa.

Pampu na taa ya wati 18 kwa saa 12 hula kama yuniti 10 za umeme wa LUKU kwa mwezi. Umeme ukikatika zaidi ya siku moja, koroga kwa mwiko asubuhi na jioni, la sivyo mwani unatuama na kuoza chini. Na dai chupa ya lita 2 ya mbegu ya akiba, yaani maji yenye mwani hai, kabla hujalipa: tangi likifa, bila mbegu utabaki na sanduku la kioo.